Kichwa Kilichopandwa Nusu

Barua ya daktari wa Bombei ilifika mke wangu akiwa na mimba ya miezi saba. Ilisema nafasi yangu ipo baada ya Idi, na kwamba safari hii kazi itakuwa nyepesi kwa kuwa ni ya kujaza tu. Niliisoma nimesimama mlangoni pa posta, nikaikunja, nikaitia mfukoni mwa kanzu. Nilikuwa na likizo ya miezi mitatu kutoka melini, ndefu kuliko zote nilizopata tangu nioe, na ilitosha kwa jambo moja kati ya mawili: kukaa Bagamoyo mpaka mtoto azaliwe, au kwenda kuongezewa nywele.

Anayesoma anaweza kudhani jibu lilikuwa wazi. Kwangu halikuwa wazi. Tulikwisha kupoteza watoto wawili, wote walizaliwa wafu, na mara zote mbili nilikuwa safarini. Hata hivyo nilihangaika na barua ile majuma matatu mazima. Sasa ni mzee, nimechoka kujitetea, nitasema yalivyokuwa.

Upara ulinianza nikiwa na miaka ishirini na minne. Kufikia thelathini ulikuwa umemaliza kazi yake, umebakisha ukanda wa nywele juu ya masikio na kisogoni. Mji wetu una wanaume wengi wenye upara na hakuna anayewapigia mbiu ya mgambo. Marehemu baba yangu, aliyekuwa nahodha, alikuwa nao tangu ujanani na sikumsikia hata siku moja akiutaja. Mimi sikurithi moyo wake. Mimi ni mtu wa kununa, na jambo likinikaa moyoni silitoi, nalitunza.

Kazi yangu nayo haikunisaidia. Nilikuwa mhudumu wa meli, mmoja wa wale wanaotandika vitanda vya abiria na kubeba sinia za chai, Dar es Salaam mpaka Mombasa, Karachi, Bombei, na kurudi. Kila chumba nilichosafisha kilikuwa na kioo, na kioo kile kilinisubiri kila asubuhi. Lakini nisivisingizie vioo. Kilichonivunja hasa ni siku ya posa yangu.

Kwa desturi yetu mwenye kuposa haendi posani. Wanakwenda wazee, yeye hubaki nyumbani. Lakini ami yangu mkubwa alikuwa na mguu mbovu, hakuweza kutembea mpaka Kaole, kijijini kwao binti, na gari tulilokodi halikupata dereva siku ile. Nikaendesha mimi. Tulikubaliana nibaki garini mbali na nyumba, nisionekane, na wazee waingie. Wakaingia. Jua lilikuwa kali, gari likawa tanuri, nikatoka nje, nikavua kofia nijifute jasho. Hapo ndipo mwenye nyumba, yaani baba wa binti, alipotokea nyuma yangu akitoka shambani, jembe begani.

"Shikamoo," akasema.

Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu. Mimi nilikuwa na thelathini na moja. Nilipaswa kumwahi, na kumwahi kwa unyenyekevu, maana nilikuwa nimemfuata bintiye. Lakini nilishtuka, na kilichonitoka ni kile kinachomtoka mtu yeyote aliyeamkiwa.

"Marahaba."

"Mbona umebaki huku juani, mzee wangu? Wenzio wako ndani."

Nikasema mguu unanisumbua. Mguu ulikuwa wa ami yangu, lakini nikauazima.

"Pole. Na kijana mwenyewe hajambo?"

"Hajambo."

"Ni mtu wa tabia?"

"Wanasema hana neno," nikajibu.

Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaniambia wakimaliza nitaletewa maji ya madafu, akaenda zake. Nilirudi garini nikavaa kofia, nikaishusha mpaka kwenye nyusi. Posa ilikubaliwa. Siku ya kufunga ndoa nilikaa mbele yake kwenye jamvi, mkono wangu ndani ya mkono wake, akaniozesha kwa sauti iliyotulia. Sikujua kama alinitambua. Hakusema, wala mimi sikusema, na marahaba ile ikanikaa kooni miaka.

Basi abiria mmoja melini, mfanyabiashara aliyekuwa akijipaka mafuta kichwani kutwa, akanionyesha paji lake na kunieleza kwamba Bombei kuna daktari anayepandikiza nywele. Safari iliyofuata nilimtafuta, nikamwona, nikakubali. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, na kazi yenyewe ilikuwa ya kikatili kidogo. Walinikalisha kwenye kiti, wakanichoma sindano za ganzi kichwa kizima. Daktari alikuwa na kitoboleo cha duara, mfano wa kile cha fundi viatu anachotobolea mkanda. Alitoboa vipande vya ngozi yenye nywele kisogoni, akatoboa matundu mbele, akavichomeka vile vipande kimoja kimoja kwa mistari. Sauti ya kitoboleo niliisikia ndani ya fuvu. Alipomaliza akanifunga bendeji, akaniambia kwamba hiyo ni mara ya kwanza, ya kupanda, na kwamba baada ya mwaka nirudi kwa mara ya pili, ya kujaza zile nafasi katikati. Bila ya mara ya pili, akasema, haitapendeza.

Alisema kweli. Haikupendeza.

Nilikuwa nimetunga uongo kabla hatujafika Dar es Salaam. Mke wangu aliponivua kofia na kuona vidonda, nilimwambia sanduku la vyombo liliniangukia ghalani melini. Akasema pole, akachemsha maji ya chumvi, akanikanda. Miezi mitatu baadaye nywele zikaanza kuota. Nikamwambia ajabu ya Mungu, jeraha limeamsha mizizi. Akasema alhamdulillahi.

Ziliota kwa vishungi. Kila tundu lilitoa kishungi chake cha nywele nene, na baina ya kishungi na kishungi ngozi ilikuwa tupu na inang'aa, kama mpunga uliopandikizwa jana. Kwa mbali, na kwa mtu asiyeona vizuri, nilionekana nina nywele. Kwa karibu nilionekana mtu aliyefanyiwa kitu. Na kisogoni, pale vipande vilipotolewa, makovu yalivimba yakawa vijiwe vidogo vidogo, nikilala chali nahisi mto unanichoma.

Kinyozi wetu, mtani wangu tangu udogo, alinivua kofia siku moja dukani kwake, akatazama, akazunguka nyuma akatazama tena. Alikuwa na mkasi mkononi.

"Bwana," akaniambia kwa sauti ya chini ili wanaosubiri wasisikie, "nikate au nipalilie?"

Nilicheka, maana utani hauna hasira, lakini sikurudi kwake. Tangu siku hiyo nilijinyoa mwenyewe kwa mkasi wa mke wangu wa kushonea, nikiwa nimejifungia. Nikawa mtu wa kofia. Nilikula na kofia, nikalala na kofia, nikioga nilikuwa naiweka juu ya ndoo ili iwe karibu. Upepo ukivuma kutoka baharini mkono wangu ulipanda kichwani wenyewe. Niliugua uchovu wa ajabu, uchovu wa kulinda kitu kisicho na thamani. Nilipokuwa na upara sikuwahi kuchoka hivyo.

Kwa hiyo barua ilipokuja nilikuwa nina hoja zangu. Ukiyavulia maji nguo huna budi kuyaoga. Kichwa kilichopandwa nusu ni kibaya kuliko upara, na aliyekiharibu ndiye anayejua kukitengeneza. Nikienda, nikijaziwa, nitavua kofia, nitalala kama mtu, nitarudi kwa kinyozi. Hizo ndizo hoja za upande mmoja. Upande wa pili nilijua kwamba daktari mwenyewe alinionya nywele za kisogoni si bahari, zina mwisho. Nilijua vijiwe vitaongezeka. Nilijua pia, na hili lilinichosha kuliko yote, kwamba nitalazimika kutafuta sanduku jingine la kuniangukia.

Na mtoto. Nilipiga hesabu kwa vidole: siku za kwenda, siku za kukaa na bendeji, siku za kusubiri meli ya kurudi. Nikaipiga nikiwa msikitini, nikaipiga nikiwa kitandani. Kila nilivyoipiga, mtoto alinitangulia kufika.

Nilimwambia mke wangu kwamba nimeitwa Bombei na watu wa meli, kazi fupi. Alikuwa amekaa kwenye mkeka anachambua mchele, tumbo limemjaa mapajani. Hakuinua macho.

"Utarudi lini, bwana?"

"Nitajitahidi kuwahi."

Akaendelea kuchambua. Nilitaka anizuie. Nasema kweli, nilitaka alie, akasirike, anitukane, ili nikienda niende kwa ukaidi na nikikaa nikae kwa kushurutishwa. Hakunipa njia yoyote kati ya hizo. Alipomaliza ungo mzima ndipo aliposema.

"Utakwenda Kaole kumuaga baba?"

"Nitakwenda."

"Basi muulize wale watoto wako wapi. Mimi nilimuuliza akaniambia wamelala pema. Najua wamelala pema. Nataka kujua ni wapi. Labda wewe mwanamume mwenziwe atakwambia."

Wanawake wetu hawaendi makaburini kuzika. Wale watoto wawili walitolewa nyumbani wamefungwa sanda, mama yao amelala kitandani, na tangu hapo hakuna aliyemwonyesha. Mimi nilikuwa baba yao, na mwaka baada ya mwaka sikuwahi kuuliza. Niliona aibu, aibu nzito kuliko ya kichwa, nikatoka nje nikajifanya natengeneza mnyororo wa baiskeli.

Kesho yake nilikwenda Kaole. Mkwe wangu alikuwa amekaa kwenye kibaraza anasokota kamba ya usumba, nyuzi za makumbi ya nazi, juu ya paja. Macho yake yalikuwa yamekwisha karibu yote, yamefunikwa na utando mweupe, lakini mikono yake haikuhitaji macho. Nikamwahi safari hii.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Mke hajambo? Mzigo wake hajautua?"

"Bado. Nimekuja kukuaga. Nakwenda Bombei."

Akaweka kamba chini na kunijongeza kwake. Wazee wa kwetu humwombea dua msafiri kwa kumwekea mkono kichwani, na mkono hauwekwi juu ya kofia. Nilikuwa nimelisahau hilo. Nimeaga wazee mara nyingi, lakini tangu nirudi na vishungi vyangu nilikuwa naaga kwa haraka, nimesimama. Akainyanyua kofia mwenyewe, akaiweka magotini pake, akashusha kiganja.

Dua ilianza, kisha ikapungua mwendo. Vidole vikaanza kutembea. Vilitembea mbele, vikagusa kishungi, vikagusa pengo, vikagusa kishungi kingine, vikafuata mstari. Vikarudi nyuma kisogoni, vikakuta vijiwe.

"Ulipata ndui?" akauliza.

"Hapana, baba."

"Basi ni nini?"

Mtu mwenye macho ningemdanganya. Sijui kwa nini nilishindwa kumdanganya yeye. Nikamweleza yote, kitoboleo na bendeji na sanduku ambalo halikuwapo, na nikamweleza kwamba safari ninayomuaga ni ya kwenda kujaza nafasi. Alisikiliza mkono ukiwa bado kichwani mwangu. Kisha, kwa kuwa nilikwisha kufungua mdomo, nikamwambia na lile la siku ya posa.

Alifikiri sana. Nilimwona akitafuta.

"Sikumbuki," akasema.

"Uliniamkia, baba. Uliniuliza kijana hajambo."

"Huenda. Macho yalikuwa yameanza. Mwaka ule nilikuwa naamkia mpaka watoto wangu, ili nisimkosee mtu." Akacheka kidogo, si kwa kunicheka. "Ungeniambia siku ile ile ningekutaka radhi, ikaisha. Mficha uchi hazai." Akakatisha hapo, kwa kuwa methali ile iliangukia pabaya, na sote wawili tulijua. Akanirudishia kofia yangu taratibu.

Sikuwa na hasira. Nilichoka tu, miguu na mikono, kama mtu aliyebeba gunia safari ndefu akaambiwa nyumba siyo.

Ndipo nikamuuliza ya watoto. Akasimama, akachukua fimbo yake, akanishika bega tukaondoka. Makaburi ya kijiji yako mbele ya minazi, ng'ambo ya yale magofu ya watu wa kale. Alinieleza njiani. Wa kwanza alimzika akiwa bado anaona, mwenyewe, na majirani wawili. Hakulia alipozaliwa, kwa hiyo hakusaliwa, alioshwa akafungwa akazikwa. Wa pili hakulia vilevile. Wakati huo macho yalikuwa yamefifia, alishikwa mkono kwenda na kurudi. Kila mmoja alimwekea jiwe la bahari kichwani.

Tulipofika aliniachia bega. Alitembea akigusa ardhi kwa fimbo, akahesabu kimoyomoyo, akasimama.

"Hapa," akasema.

Nilitazama. Palikuwa na majani, na mawe ya bahari yalikuwa kila mahali, mengine ya makaburi, mengine yalijiwekea tu. Watu wengine walikuwa wamezikwa tangu hapo. Moto wa kusafishia majani ulikuwa umepita.

Akapiga magoti, akapapasa. Akasogea, akapapasa tena. "Hapa. Au pale, panapoanza mteremko." Jasho lilimtoka. "Wa kwanza nilikuwa napajua kabisa. Nilikuwa napajua, mwanangu."

Nikamwinua. Nikamwambia haidhuru, na ilikuwa inadhuru. Kosa halikuwa lake hata chembe. Kazi ile ilikuwa yangu, nilimwachia mtu anayepofuka aifanye, na mimi nilikuwa Bombei nikitobolewa kichwa. Maana wa pili alizaliwa majuma yale yale, nilipata habari yake bendeji ikiwa bado kichwani. Sikuwa nimewahi kuyaweka mambo hayo mawili pamoja kabla ya siku ile.

Niliporudi nyumbani mke wangu aliniwekea chakula, akakaa kando, akasubiri. Nikamwambia baba amesahau mahali. Nikamwambia alivyopapasa. Kisha nikavua kofia, nikaiweka juu ya mkeka, nikasema, "Na hili si sanduku."

"Najua," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu wiki ya kwanza. Sanduku gani linaanguka mbele na nyuma? Nilikuwa nafua foronya, damu mbele mistari, nyuma mistari." Alizungumza bila ukali, kama anayeeleza bei ya samaki. "Nywele hizo hazinisumbui, bwana. Ulivyokuwa huna hazikunisumbua. Kinachonisumbua ni kwamba unalala na kofia nyumbani mwangu. Mimi nalala na mgeni."

Ningependa kuandika kwamba niliamua usiku ule. Sikuamua. Aibu haimbadilishi mtu upesi kama hadithi zinavyodai, mara nyingine humfanya atake kukimbia. Niliendelea kujitazama kwenye kioo. Nilisema nafsini mwangu: kwa kuwa sasa anajua, hakuna tena uongo, naweza kwenda kwa uwazi, nikarudi nimekamilika. Idi ikapita. Siku ya tatu yake nikafunga begi. Mke wangu alinikunjia mashati. Aliniambia nichukue na sweta, kwa sababu safari iliyopita nililalamika baridi ya melini.

Nilipata lori la nazi linalokwenda Dar es Salaam, nikakaa mbele na dereva na mama mmoja mtu mzima aliyepakata kikapu cha kuku. Barabara ilikuwa mbaya, mvua zilikuwa zimeichimba. Tulipofika Kerege lori likasimama kuongeza mzigo, dereva akashuka, nikabaki na yule mama. Akaniuliza naelekea wapi. Nikamwambia Bombei.

"Mbali huko. Kuna nini?"

"Nakwenda kutibiwa," nikasema. Ni neno la kwanza lililokuja.

"Pole, mwanangu." Akaweka kikapu sakafuni ili anigeukie vizuri. "Pole sana. Unasumbuliwa na nini?"

Nilitafuta jina la ugonjwa, lolote, tumbo, figo, na sikulipata. Yeye akadhani ni maradhi yasiyosemeka. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, mikavu, yenye harufu ya manyoya ya kuku, akaanza kuniombea kwa sauti: Mungu aniponye, anirudishe kwa wanangu.

Nilikuwa nimepokea pole nyingi za uongo. Pole ya mguu wa ami yangu, pole ya sanduku. Ile ya Kerege nilishindwa kuipokea. Niliutoa mkono wangu pole pole, nikamshukuru, nikateremka na begi langu. Dereva aliponiuliza kama nimesahau kitu nikamwambia aende tu. Nilikaa kando ya barabara mpaka alasiri ndipo nikapata gari la kunirudisha. Sikujihisi shujaa. Nilikuwa na vumbi na njaa, na nilijua vishungi vyangu vitabaki vishungi mpaka nife. Barua ya daktari sikuijibu.

Mke wangu alilitazama begi. "Umekula?" akaniuliza.

Mtoto alizaliwa majuma matano baadaye, nyumbani, asubuhi, mkunga na shangazi wa mke wangu ndani, mimi kibarazani. Nilimsikia akilia. Niliinama nikaweka uso magotini, nikamshukuru Mungu, na mtu aliyepita njiani alinipa hongera kabla sijaambiwa ni mke au mume. Alikuwa mtoto wa kike. Alizaliwa na nywele nyingi, nyeusi, zimemshuka mpaka kwenye paji la uso, mkunga akasema tangu aanze kazi hajaona mtoto mwenye nywele namna ile. Mke wangu alinitazama kichwani, nilikuwa bila kofia, tukacheka wote wawili. Nilimbeba kila siku. Niliongea na kinyozi aje siku ya saba kumnyoa nywele za tumboni, siku ambayo tungempa jina.

Siku ya tatu alikataa ziwa. Tulimpeleka hospitali, wakahangaika naye mchana na usiku. Siku ya nne, baada ya adhuhuri kidogo, alifariki mikononi mwa mama yake.

Kwa kuwa alilia, alisaliwa. Nilimpeleka Kaole mwenyewe, nilichimba na wenzangu, na nilishuka kaburini mimi, nikampokea, nikamlaza katika mwanandani, ile nafasi ya ubavuni mwa kaburi, upande wa kibla. Hakufika siku ya saba, hakunyolewa. Nilimzika na nywele zake zote.

Mkwe wangu alikuwapo, amesimama juu akishikwa mkono. Watu walipoondoka mimi nilibaki nikapima mahali kwa hatua.

Nilifika nyumbani magharibi, udongo bado uko kwenye kucha. Wanawake waliokuwa na mke wangu wakatupisha. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, mgongo ukutani, kifua kimemvimba kwa maziwa yasiyo na wa kuyanyonya. Aliniuliza neno moja.

"Wapi?"

Nikamwambia. Unaingia kwa njia ya minazini. Mkono wa kulia kuna kaburi la zamani lenye ukuta wa mawe, imebaki pembe moja tu. Unasimama kwenye pembe iliyobaki, unaelekea kibla, unakwenda hatua kumi na moja. Nimeweka mawe mawili na nimeyashindilia, la kichwani ndilo refu. Ndugu zake wako karibu hapo, sijui upande gani.

Akaniambia nirudie. Niliporudia, alikuwa ameweka kidole juu ya mkeka, akitembea nacho nyuma ya maneno yangu: minazi, ukuta, pembe. Hatua alizihesabu kwa sauti, moja moja. Alipofika kumi na moja akakiacha kidole pale pale, nami nikakaa naye.